Taa Nyekundu ya Siku 49

Usiku mmoja wa mwezi wa nne nilikaa mezani nikiitazama taa nyekundu ndogo, isiyozidi punje ya mhindi kwa ukubwa, nikingoja izime. Nilikuwa nimeiagiza iwake kwa dakika moja, kisha iipishe ya kijani. Dakika ilipita, zikapita tano, nikaenda kula, na niliporudi ilikuwa bado inawaka. Nilichomoa kebo na kuichomeka upya, hali ikawa ileile, nikalala nikiamini kwamba bodi ya kielektroniki inayoiendesha nimeiunguza. Siku mbili baadaye niligundua kwamba bodi ilikuwa nzima kabisa na ilikuwa ikinitii neno kwa neno: kama ningeiacha pale mezani, na umeme usikatike, ingewasha taa ya kijani baada ya siku 49 na saa 17.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Nina umri wa miaka 47, na hadi mwanzoni mwa mwaka huu kompyuta niliijua kama mahali pa kuandikia idadi ya mifuko ya saruji na nondo. Mpwa wangu, anayesomea umeme chuoni, alikuja kwetu wakati wa likizo ya Krismasi, akanikuta nikiichokonoa redio mbovu bila mpango wowote. Alipoondoka aliniachia bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo mno unayoiandikia programu ili iendeshe taa na vitufe, mfuko wenye taa za LED, waya, rezista na vitufe, pamoja na daftari la shule alimoandika mazoezi 12 kwa mkono wake. Yeye aliyaita changamoto. Mimi nayaita mazoezi, kwa kuwa siku hizi neno changamoto limechoka. Hata bomba la maji likipasuka mtaani tunaambiwa kuna changamoto.

Kila zoezi lilikuwa na ukurasa wake, na juu ya ukurasa palikuwa na sentensi moja au mbili zinazoeleza kinachotakiwa kutokea, bila kueleza namna ya kukifanya. Kwenye jalada aliandika masharti mawili. La kwanza lilisema: "Mjomba, ukikwama usinipigie simu siku hiyohiyo. Lala kwanza." La pili lilinikataza kufungua ukurasa unaofuata kabla sijamweleza mke wangu, kwa maneno ya kawaida, kwa nini programu ya zoezi lililopita inafanya kazi. Mke wangu ni mshonaji, na maelezo ya kuzungukazunguka hayavumilii. Kuna mazoezi niliyoyamaliza jioni moja lakini nikakaa nayo siku nne zaidi kwa sababu yeye hakuridhika.

Niseme kidogo kuhusu bodi yenyewe. Arduino ilianzia katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, mwaka 2005, katika shule ya usanifu ambako walimu walitaka wanafunzi wasio wahandisi wapate kifaa rahisi cha kujifunzia. Jina lake limetokana na baa ya mji huo, na baa nayo iliitwa kwa jina la Arduin, aliyekuwa mfalme wa Italia tangu mwaka 1002. Uno ni "moja" kwa Kiitaliano. Ubongo wa bodi hii ni chipu iitwayo ATmega328P, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Makala haya unayoyasoma hayawezi kuenea katika hizo kilobaiti 2. Hata hivyo chipu hiyo hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, na kwa kuwasha taa na kusikiliza vitufe hiyo ni kasi ya kutisha, kama nitakavyoeleza.

Mimi naupenda udogo huo. Simu yangu ina programu nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na mambo yakiharibika sijui nimlaumu nani. Ndani ya Uno kuna programu moja, niliyoiandika mwenyewe, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza hutekelezwa mara moja umeme unapoingia, na ya pili hurudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka umeme utoke. Nilimweleza mke wangu kwamba sehemu ya kwanza ni kufungua stoo asubuhi, kuwasha taa na kuweka mizani sawa. Ya pili ni kuhudumia wateja. Alikubali mara moja. Hilo lilikuwa zoezi pekee ambalo halikunichelewesha kwake.

Lakini kabla ya kufika huko nilipoteza jioni mbili nzima kwa sababu ya kebo. Kompyuta haikuiona bodi hata kidogo, ingawa taa yake ya kijani ilionyesha kwamba umeme unafika. Bodi yangu ni nakala, si ile iliyotoka Italia, na hilo si wizi kwa sababu michoro ya Arduino iliwekwa wazi tangu mwanzo ili mtu yeyote aweze kuitengeneza. Nakala nyingi hutumia chipu nyingine ya kuwasiliana na kompyuta, iitwayo CH340, ambayo mara nyingine huhitaji programu yake ya ziada. Niliiweka programu hiyo mara tatu. Kumbe tatizo lilikuwa kwamba kebo niliyonunua, ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa "inaingiliana na kila kitu", ilikuwa ya kuchajia tu: ndani yake hamkuwa na nyaya mbili za kupitisha taarifa. Tangu siku hiyo kebo ya bodi nimeifunga uzi mwekundu, na hakuna ruhusa ya kuchajia simu nayo.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuiwasha na kuizima taa iliyojengewa kwenye bodi, iliyounganishwa na pini ya 13 (pini ni sehemu ya kuunganishia waya), kila baada ya sekunde moja. Muda huandikwa kwa milisekunde, kwa hiyo sekunde moja ni 1000. La pili lilikuwa kufanya hivyohivyo kwa taa ya nje, ikiwa na rezista ya omu 220 njiani ili mkondo usizidi. Katika hayo mawili nilijifunza zaidi nuktamkato kuliko umeme. Kila amri lazima iishie kwa nuktamkato (;), na ukiisahau kompyuta mara nyingi hulalamika kuhusu mstari unaofuata, usio na kosa lolote. Ni sawa na msimamizi anayemkaripia aliyesimama karibu.

Zoezi la tatu lilitaka taa iandike neno MAJI kwa alama za Morse: M ni mistari miwili, A ni nukta na mstari, J ni nukta na mistari mitatu, I ni nukta mbili. Jumla ni alama kumi. Kila alama ilihitaji amri nne, yaani washa, subiri, zima, subiri, hivyo nikaandika mistari 40 na zaidi, nikajisifu. Chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo ambayo sikuyaona mapema, palikuwa pameandikwa: "Sasa badili neno liwe CHAI." Hapo ndipo nilipoona kwamba nimejenga nyumba ambayo huwezi kuhamisha hata kiti. Nilianza upya kwa kuipa bodi msamiati: nikaeleza mara moja tu nukta ni nini na mstari ni nini, nikavipa vipande hivyo majina nukta na mstari, kisha neno lolote likawa ni kuvipanga. Amri za lugha yenyewe ni za Kiingereza, na hilo huwakatisha tamaa wengi, lakini majina ya vitu unavyovitengeneza ni yako. Programu zangu zote sasa zina washaTaa, subiriKidogo na mlangoWazi, na bodi haijawahi kulalamika.

Zoezi la nne ndilo lililonipa ule usiku wa taa nyekundu. Lilitaka taa za barabarani: nyekundu, kijani, njano, kisha nyekundu tena. Kwa sekunde tano tano zilifanya kazi vizuri. Kisha sentensi ya pili ilinitaka nitumie muda wa makutano halisi ninayoyajua, basi asubuhi iliyofuata, nikiwa ndani ya daladala kuelekea Kariakoo, nikahesabu kwa saa ya mkononi. Kijani kilikuwa sekunde 30 na nyekundu ilikuwa dakika moja, kwa makadirio ya mtu aliyebanwa dirishani. Ili programu isomeke vizuri niliandika 30 * 1000 kwa kijani na 60 * 1000 kwa nyekundu. Kijani kilitii. Nyekundu ilikwama.

Nilibadili taa, nikabadili pini, nikabadili rezista. Nikalala, kama sharti lilivyosema, siku mbili mfululizo. Kilichonifungua macho ni kujaribu namba tofauti moja baada ya nyingine: sekunde 31 sawa, 32 sawa, 33 ikakwama. Kosa la waya halina mpaka kama huo. Huo ulikuwa mpaka wa hesabu. Kwenye Uno, namba nzima ya kawaida hupewa biti 16, yaani nafasi 16 za kuandika sifuri au moja, na hivyo inaweza kufika 32,767 tu upande wa chanya na 32,768 upande wa hasi. Zao la 60 na 1000 ni 60,000, ambalo halienei. Likizidi, hesabu hugeukia upande wa pili, kama mita ya gari inavyorudi sifuri ikimaliza tarakimu zake, na bodi yangu ilipata hasi 5,536. Nayo amri ya kusubiri, iitwayo delay, haijui namba hasi. Hupokea namba chanya ya biti 32, kwa hiyo ile hasi 5,536 ikasomwa kuwa 4,294,961,760. Zigawe milisekunde hizo kwa siku, utapata siku 49 na saa 17.

Dawa ni ndogo mno: kuandika 60UL badala ya 60, ili hesabu ifanyike tangu mwanzo kwa namba ndefu, au kuandika 60000 moja kwa moja, kwa maana ukiandika namba kubwa peke yake kompyuta huipa nafasi kubwa yenyewe. Kilichoniudhi ni kwamba kompyuta ilikuwa imeliona kosa hilo. Katika mipangilio niliyoikuta, maonyo yalikuwa yamezimwa. Nilipoyawasha, onyo la hesabu kupita kiwango likajitokeza kwenye mstari uleule. Sijaelewa kwa nini chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kiwafiche wanaoanza onyo la namna hiyo. Kama nawe umeanza, yawashe maonyo leo kabla hujaandika kitu kingine.

Zoezi la tano lilikuwa na sentensi moja: kitufe kikibonyezwa, taa iwake. La sita lilikuwa: hesabu ni mara ngapi kitufe kimebonyezwa, na uoneshe idadi kwenye kompyuta. Nilidhani ningeyamaliza yote siku ya Jumamosi. Yalichukua wiki tatu, na kama ningeulizwa ni ukurasa upi wa daftari hilo ningeuokoa nyumba ikiungua, ningeuokoa huo wa sita.

Kwanza taa iliwaka na kuzima ovyo bila mtu kugusa chochote, na iliyumba zaidi nilipousogeza mkono karibu na waya. Pini isiyounganishwa na kitu si sifuri, kama nilivyodhani. Inaelea, na huokota umeme mdogo uliomo hewani na mwilini mwa mtu. Lazima uishikize upande mmoja kwa rezista, na chipu ina rezista za ndani unazoweza kuziita kwa neno INPUT_PULLUP. Lakini ukiziita, maana hugeuka: pini husoma juu, yaani umeme upo, wakati kitufe hakijaguswa, na chini, yaani haupo, kikibonyezwa. Mke wangu alikataa kabisa kwamba kubonyeza kunaweza kuwa "hapana". Nilimwonyesha kwa mlango wa stoo uliofungwa kwa kamba inayoning'inia juu: kamba yenyewe huuvuta uwe wazi, na wewe ukitaka kuufunga ndipo unaushusha kwa mkono. Alifikiri, akasema hiyo kamba imefungwa vibaya, ila ameelewa.

Kisha kikaja kihesabio. Nilibonyeza mara moja, namba ikaruka hadi mamia. Bodi huizungukia sehemu ya pili ya programu mara maelfu kwa sekunde, na kidole changu, hata kiwe na haraka kiasi gani, hukaa juu ya kitufe kwa muda ambao kwake ni mchana kutwa. Nilikuwa ninahesabu hali ya kubonyezwa, ilhali nilipaswa kuhesabu tukio la kubonyeza. Mlinzi wa geti letu halihesabu lori kila anapolitazama. Hulihesabu linapovuka geti. Basi nikaiwekea programu kumbukumbu ya hali iliyotangulia, nikaiagiza iongeze moja pale tu ambapo hali imebadilika kutoka wazi kwenda bonyezwa.

Namba zikatulia, lakini bado hazikuwa za kweli. Nilibonyeza mara kumi, nikapata 14, safari nyingine 11. Hapa hapakuwa na kosa la maandishi wala la kuunganisha. Ndani ya kitufe kuna kipande cha chuma, na chuma kikigonga chuma hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Mimi sivioni vidundo hivyo, lakini bodi inaviona vyote na kuvihesabu kwa uaminifu. Ilibidi niifundishe kutoyaamini mabadiliko mpaka yamedumu kwa milisekunde 50. Nilipobonyeza mara mia moja nikapata 100, nilimwamsha mke wangu, jambo ambalo sishauri.

Faida ya mazoezi madogo niliiona hapo. Makosa hayo matatu, pini inayoelea, hali iliyochanganywa na tukio, na chuma kinachodunda, yote hujionyesha kwa sura moja, yaani namba isiyo sahihi. Kama ningeanza na kitu kikubwa, tuseme kengele ya tangi la maji ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitamani, yangenijia yote kwa pamoja yakiwa yamechanganyika na pampu na kihisi, na ningesema bodi ni mbovu, nikarudi kwenye redio yangu. Nawafahamu watu wawili waliofika hapo wakaacha.

Zoezi la saba liliunganisha la nne na la sita. Liliandikwa hivi: "Kuna askari." Hakuna aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Dar es Salaam anayehitaji maelezo zaidi. Taa zinaendelea na zamu zao, lakini askari wa usalama barabarani akiinua mkono, taa hazina kauli. Kitufe ndicho kilikuwa askari: kikibonyezwa, nyekundu iwake papo hapo na idumu mpaka kiachiwe.

Nilichukua programu mbili zilizokuwa zikifanya kazi, nikaziunganisha, na askari wangu akawa kiziwi. Nilipobonyeza kijani kikiwa katikati ya zamu yake, hakuna kilichotokea mpaka sekunde zote 30 ziishe. Sababu ni ileile amri ya delay. Bodi ikiambiwa isubiri, programu husimama pale ilipofika na haiulizi habari za kitufe chochote. Kwa taa peke yake hilo halina neno. Kwa taa na askari, haifai. Siku hiyo nilimweleza mke wangu tatizo kabla ya kupata jibu, na jibu alinipa yeye bila kujua: akipika wali huku ana nguo ya mteja, hasimami kuikodolea macho sufuria kwa dakika ishirini, bali huangalia saa alipoibandika, akaendelea kushona, na kila akinyanyua kichwa hujiuliza ni dakika ngapi zimepita.

Bodi ina saa ya namna hiyo, iitwayo millis, inayohesabu milisekunde tangu umeme ulipoingia. Niliandika zoezi lote upya bila delay hata moja. Taa inapowashwa programu huandika saa ya kuwashwa. Kila mzunguko huuliza kwanza kama askari amebonyeza, kisha hutoa saa ya kuwashwa kwenye saa ya sasa, na ikiwa muda umefika hubadili taa. Humo nilikutana tena na namba yangu. Saa ya millis nayo ni ya biti 32, hufika 4,294,967,295 kisha hurudi sifuri, na safari hiyo huchukua siku 49 na saa 17. Safari hii sikuogopa. Ukitoa saa ya zamani kwenye ya sasa, na zote mbili ukiwa umezihifadhi kwa namba chanya ndefu, jibu hubaki sahihi hata saa ikiwa imezunguka katikati. Nilithibitisha kwa kalamu na karatasi kwa sababu sikuwa tayari kusubiri siku 49.

Mazoezi ya nane hadi kumi na moja yalikwenda kwa wepesi ambao sikuutarajia: kihisi cha mwanga kinachosoma kutoka 0 hadi 1023, kengele, kitufe cha kuzungusha cha kupunguza mwanga, kipimo cha joto. Yaliyobaki magumu yalikuwa madogo madogo, kama ile taa ya usiku iliyopepesa jioni kwa sababu niliweka namba moja ya kuwasha na kuzima, ilhali zilitakiwa ziwe mbili zilizoachana kidogo. La kumi na mbili lilikuwa ukurasa mtupu wenye neno "Lako". Hapo nimeanza kengele ya tangi, nayo bado haijakamilika.

Bodi ya taa za barabarani sikuibomoa. Imekaa kibarazani, na Jumapili iliyopita mtoto wa jirani, mwenye miaka sita, alikuja kuitazama. Nilimwonyesha kitufe cha askari. Alikibonyeza, nyekundu ikawaka, naye akaendelea kukishika. Nikanywa chai yangu nikaimaliza. Nyekundu ilikuwa bado inawaka, kwa kuwa ndivyo nilivyoandika, na hakuna mahali nilipoweka kikomo. Nikamuuliza mbona hakiachii. Akanijibu bila kuinua macho, "Magari ya upande huu bado hayajaisha."

Jioni ile nilichukua daftari, nikaandika nyuma ya ukurasa wa mwisho: "Zoezi la 13. Askari asizidishe dakika mbili, hata kama kidole hakijatoka." Nikaupiga picha na kumtumia mpwa wangu, pamoja na sharti kwamba akikwama asinipigie simu siku hiyohiyo.